Chupa za Alhamisi

Alhamisi jioni nazitoa frijini,
chupa mbili, ubavuni mwa maziwa na achari ya mama,
naziacha mezani ziote joto
kama wageni wasiojua pa kukaa.
Nje, Townhill inanyeshewa kama kawaida yake,
shakwe wanagombania mfuko wa chipsi,
na humu ndani mimi nafuta tumbo kwa spiriti,
nabana ngozi, nachoma.
Si ushujaa. Ni miaka ishirini na saba.

Nilikuwa na miaka tisa, mwezi wetu wa pili Swansea,
daktari aliponiambia, Fungua kinywa.
Akatazama. Akachukua tochi. Akatazama tena.
Mama akadhani ameona kidonda.
Kumbe alikuwa akitafuta asichokiona:
mafindofindo.
Kila mtoto anayo, akasema.
Koo langu lilikuwa tupu kama ujia uliofagiwa.

Masikio yalivuja usaha tangu nikiwa wa kubebwa,
kifua kikikoroma masika na kiangazi,
na Kondoa walisema mengi.
Walisema shangazi ana jicho.
Walisema maziwa ya mama ni mabaya,
maana Shaibu, aliyenitangulia, alinyonya yale yale
akaenda akiwa na miaka miwili na meno karibu yote.
Mama alipanda ndege na maneno hayo.
Hakuna aliyempimia mzigo ule.

Nesi Glenys ndiye aliyetuchorea,
nyuma ya bahasha, kwa kalamu ya kijani:
ndani ya uboho kuna karakana,
seli fulani huanza kuundwa, zikafika katikati,
fundi akakuta maelezo yamekosewa herufi moja,
akaziacha hapo hapo.
Kwa hiyo hakuna wa kutengeneza kingamwili,
hakuna wa kukumbuka.
Nimonia ilinijia mara nne
na kila mara mwili wangu uliiuliza jina.

Herufi hiyo imetoka upande wa mama, akasema Glenys,
polepole, akinitazama mimi,
lakini si kosa la mama.
Mkalimani hakuja siku hiyo. Nikafasiri mwenyewe.
La kwanza nililisema mara moja.
La pili nikalirudia.
Mama akauliza: Na kaka zangu wawili, je?
Hilo sikulifasiri.

Pampu inanung'unika mezani.
Ndani ya chupa mna watu maelfu nisiowajua:
yupo aliyeugua surua utotoni,
yupo aliyekanyaga msumari akachanjwa pepopunda,
yupo, labda, wa El Paso, aliyenyoosha mkono saa nzima
kwenye kiti cha plastiki
apate ya kulipia kodi ya nyumba.
Namdai? Ananidai?
Zamani watu walichanjiana ndipo wakaitana ndugu.
Mimi nimechanjiana na umati,
na sina hata mmoja wa kunitania msibani.

Tunu ana miaka kumi na miwili.
Kazi yake ni kubandua lebo
na kuibandika daftarini: namba, tarehe, mkono wa nani.
Wiki jana alirudi na somo la urithi,
akachora miraba minne kwa penseli,
akaijaza, akafuta, akaijaza tena.
"Baba, ungepata wavulana wangesalimika wote.
Mimi nimebeba."
Hakuwa anauliza.

Nilikuwa na sentensi niliyoiandaa tangu azaliwe.
Nilikuwa nayo kabisa, nzima.
Nikaangalia ile sindano tumboni
kana kwamba imeandikwa pale.

Mama akafunga bomba la jikoni.
Akaja, mikono ina povu mpaka viwikoni,
akaiangalia miraba ile, asiyosoma herufi zake,
akasema, bila mkalimani:
"Si kosa la baba."

Pampu ikalia. Chupa tupu.
Tunu akabandika lebo, imeenda upande kidogo,
kisha akauliza kama mkate upo.